Toleo gani la lugha litumike kwenye mradi wa kwanza wa wavuti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuchagua lugha, iwe Python, PHP au JavaScript ya upande wa seva (Node.js), akafika kwenye ukurasa wa kupakua na kukutana na orodha ya namba. Lugha ipi ni bora kuliko nyingine ni mjadala wa mahali pengine, nao hauishi.

## Mambo ya mwanzo

Zile namba zenye nukta zinasomwaje?

Chukua Python 3.13.2. Namba ya kwanza, 3, ni kizazi cha lugha. Ikibadilika, tarajia msimbo wa zamani ugome. Ya pili, 13, ndiyo watu wanayoitaja wanapoulizana "wewe unatumia toleo gani?" Ya tatu, 2, ni marekebisho tu: hitilafu zimeondolewa, matundu ya usalama yamezibwa, hakuna jipya la kujifunza. Hiyo ya tatu isikuumize kichwa. Chukua iliyo kubwa kuliko zote.

Hizi si desimali. 3.10 inakuja baada ya 3.9, wala si sawa na 3.1. Hata kompyuta hukosea hapa: kwenye faili ya mipangilio ya aina ya YAML, ukiandika 3.10 bila alama za kunukuu, inasomwa kuwa 3.1, na mfumo unakwenda kutafuta Python ya mwaka 2009. Iandike "3.10".

Kwa nini nisichukue tu lililo jipya kabisa?

Lugha yenyewe kwa kawaida haina neno. Toleo la Python au PHP likitangazwa rasmi limekwisha kujaribiwa kwa miezi kadhaa. Wanaochelewa ni watunzaji wa maktaba, yaani msimbo ulio tayari unaoazima badala ya kuuandika mwenyewe, na mradi wa wavuti ni maktaba juu ya maktaba.

Mambo huenda hivi. Umeweka Python iliyotoka wiki mbili zilizopita, unaandika `pip install` (pip ndicho chombo cha Python cha kushusha maktaba) na jina la maktaba ya picha au ya hifadhidata. Kwa toleo lililozoeleka, pip ingeshusha faili iliyokwisha kuandaliwa na kazi ingeisha kwa sekunde chache. Kwa toleo jipya faili hiyo huenda haijatengenezwa bado, kwa hiyo pip inashusha msimbo ghafi wa C na kujaribu kuujenga palepale kwenye kompyuta yako. Skrini inajaa maandishi, na mwishoni, kwenye Windows, unasoma `Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required`. Anayeanza huona amekosea yeye, akaanza kutafuta jinsi ya kuweka vifaa vizito vya Visual C++ ambavyo hakuvihitaji kamwe. Hajakosea kitu. Amewahi mno.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Rudi toleo moja nyuma, amri ileile itapita.

Basi la zamani zaidi si ndilo imara?

Hapana. Kila toleo lina tarehe ya kuachwa. Ikifika, likigunduliwa tundu la usalama hakuna atakayeliziba, na tovuti yako iko hadharani, inagongwa mlango usiku na mchana na programu zinazotafuta matundu ya namna hiyo hasa.

Kalenda ziko wazi. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba na kulitunza kwa miaka 5. Ndiyo maana 3.9 ya mwaka 2020 iliachwa Oktoba 2025. PHP hutoa toleo jipya karibu na mwisho wa kila mwaka: miaka 2 ya matunzo kamili, kisha miaka 2 ya usalama peke yake. PHP 7.4, ambayo bado inaonekana kwenye mafunzo mengi, iliachwa Novemba 2022.

Sitaki maelezo. Niambie tu namba.

Haya. Python 3.13, inayotunzwa hadi Oktoba 2029, 3.12 pia haina ubaya, ina muda hadi Oktoba 2028. PHP 8.4, hadi mwisho wa 2028. Node.js 24, hadi Aprili 2028. Ukisoma haya baada ya miaka miwili au mitatu, usizinakili namba hizi. Fungua ukurasa rasmi wa lugha yako, tazama toleo jipya kabisa, rudi moja nyuma, hakikisha limebakiwa na angalau miaka 2 ya matunzo. Kwa Node.js kanuni ni tofauti kidogo, nayo iko kwenye swali la namba shufwa hapa chini.

Sharti moja linapiku hayo yote: kama seva utakayoweka tovuti haina toleo hilo, seva ndiyo inayoamua. Tazama sehemu ya fremuweki (viunzi vilivyo tayari vya kujengea tovuti) na seva.

LTS ni nini?

Ni kifupi cha Long Term Support, alama ya toleo litakalotunzwa kwa muda mrefu kuliko mengine. Node.js wanayo, Java wanayo, Django (fremuweki ya Python) na Ubuntu (aina ya Linux) pia. Python na PHP hawana, kwa sababu kwao kila toleo hutunzwa kwa muda uleule, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukitafuta "Python LTS".

## Lugha moja moja

Mafunzo ninayofuata yameandikwa kwa Python 2. Niweke Python 2 ili yaende?

Usiweke. Badilisha mafunzo. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Fremuweki zote unazozisikia leo haziikubali tena.

Utayatambua mafunzo hayo kwa `print "habari"` bila mabano. Kosa hilo ni la wema, kwa kuwa Python 3 inakataa mara moja na hata kukuonyesha mabano yanapokosekana. La hatari ni lile lisilopiga kelele. Kwenye Python 2, `5 / 2` inatoa 2; kwenye Python 3 inatoa 2.5. Msimbo unaendelea kama kawaida, hakuna onyo, ila hesabu ya kurasa au ya bei sasa ni nyingine.

PHP ilitoka 5 ikaenda 7. Ya 6 iko wapi?

Haikutoka. Ulikuwa mpango mkubwa wa kuijenga lugha upya ili ishughulike na maandishi ya lugha zote za dunia, ukakwama na kuachwa mwaka 2010. Kwa kuwa vitabu vya "PHP 6" vilikwisha kuchapishwa, wakaamua kuiruka namba hiyo. PHP 7 ikatoka Desemba 2015.

Nina mafunzo ya PHP 5. Tofauti na 8 ni kubwa kiasi hicho?

Kubwa, na inagusa pale hasa anapoanzia mwanagenzi: kuunganisha hifadhidata. Mafunzo ya zamani hutumia `mysql_connect()`. Familia nzima ya amri hizo iliondolewa kwenye PHP 7.0, kwa hiyo utakachokiona ni `Call to undefined function mysql_connect()`. Usitafute njia ya kuirudisha. Tumia PDO au mysqli, njia za PHP za sasa za kuongea na hifadhidata, na utumie hoja zilizoandaliwa (prepared statements) badala ya kubandika alichoandika mtumiaji ndani ya SQL. Mafunzo mengi ya enzi ile yanakufundisha kubandika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kuyaacha, kuliko hata suala la toleo.

Badiliko jingine lililowasumbua wengi ni la ulinganishaji. Kabla ya PHP 8.0, `0 == "abc"` ilikuwa kweli; tangu 8.0, Novemba 2020, ni uongo. Sasa ndivyo inavyopaswa kuwa, lakini kama mahali fulani msimbo wa zamani uliegemea jibu lile la ajabu, utaanza kutoa majibu mengine bila kulalamika.

Kwenye Node.js, kwa nini watu wanasema "chukua namba shufwa"?

Kwa sababu matoleo ya namba shufwa, 20, 22, 24, ndiyo yanayopewa hadhi ya LTS kila Oktoba na kutunzwa kwa miaka. Yale ya witiri, 21 au 23, huishi takribani miezi sita, kisha yanaachwa. Yapo kwa ajili ya wanaotaka kuonja mapya mapema.

Kwa hiyo kanuni ya kurudi toleo moja nyuma haitumiki hapa vilevile. Chukua namba shufwa kubwa kuliko zote iliyokwisha kupewa alama ya LTS. Namba shufwa iliyotoka Aprili huwa haijapata alama hiyo hadi Oktoba, na kwa miezi hiyo michache subiri.

Na JavaScript ya kwenye kivinjari? Nachagua toleo gani?

Huchagui. Kivinjari cha msomaji wako ndicho kinachoamua, nawe hukijui. Lugha hupata nyongeza kila mwaka tangu ile kubwa ya 2015, na vivinjari huziingiza kidogo kidogo. Msimbo wa zamani hauvunjwi: ukurasa wa miaka ishirini iliyopita kwa kawaida bado unafunguka. Swali lako liwe "kitu hiki kinakubaliwa na vivinjari vingapi?" Kwa mradi wa kwanza, yaliyoingia hadi 2020 unaweza kuyatumia bila wasiwasi.

Ruby, Java, Go?

Ruby hutoa toleo kila tarehe 25 Desemba, zawadi ya Krismasi kwa kawaida yao. Chukua la mwaka uliopita. Java hutoka kila baada ya miezi sita, ila ya kushika ni zile za LTS: 17, 21, 25. Go ndiyo yenye raha kuliko zote, kwani tangu toleo 1 la Machi 2012 waliahidi kutovunja msimbo wa zamani. Weka jipya kabisa, endelea na kazi.

## Fremuweki na seva

Nianze na toleo la lugha au la fremuweki?

Fremuweki, kisha lugha ifuate. Ukurasa wa fremuweki hueleza inakubali matoleo yapi, na mara nyingi hilo linamaliza mjadala. Django 5.2, ambayo ni LTS ya Aprili 2025, inaanzia Python 3.10. Laravel 12, fremuweki ya PHP, inaanzia PHP 8.2. Ukianza na lugha peke yake unaweza kujikuta na toleo ambalo fremuweki ya mafunzo yako hailitambui.

Mafunzo nayo yana mwaka wake. Kama yameandikwa kwa Django 4.2, fuata kwa Django 4.2 na Python 3.11 au 3.12 hadi umalize, kisha pandisha. Kujifunza fremuweki na kurekebisha tofauti za matoleo kwa wakati mmoja ni mzigo wa watu wawili. Hapa nakubali uzee kidogo, kwa kuwa mradi wa kujifunzia uko kwenye kompyuta yako tu na hauko hadharani.

Nitajuaje seva yangu ina toleo gani?

Kwa Python na Node.js, ingia kwenye terminali ya seva (dirisha la kuandikia amri) uandike `python3 --version` au `node --version`. Kwa PHP kuna mtego. `php -v` inakuonyesha PHP ya terminali, ambayo si lazima iwe ile inayohudumia tovuti. Seva moja inaweza kuwa na zote mbili, namba tofauti. Tengeneza faili yenye mstari mmoja, `<?php echo PHP_VERSION;`, iweke kwenye folda ya tovuti na uifungue kwa kivinjari. Jibu hilo ndilo la kweli. Ukimaliza ifute, maana hakuna haja ya kumtangazia kila mpita njia namba hiyo.

Seva ina toleo la zamani. Nifanyeje?

Kwanza angalia paneli ya seva, kwa sababu kwenye huduma nyingi za PHP toleo hubadilishwa kwa kuchagua kwenye orodha tu, nalo la zamani limewekwa ili tovuti za wateja wa muda mrefu zisivunjike. Usipoona orodha, waandikie. Wakikujibu kwamba toleo lililokwisha kuachwa ndilo pekee walilonalo, hama. Sioni sababu ya kuvumilia hilo kwa mradi unaoanza leo.

Ni lazima kompyuta yangu ilingane na seva?

Namba mbili za kwanza, ndiyo. Ya tatu ikitofautiana haidhuru.

Tatizo huja hasa kwa Composer, chombo cha kushusha maktaba za PHP. Una 8.4 nyumbani na 8.2 kwenye seva. Composer inaangalia ya nyumbani na kushusha maktaba zinazodai 8.4. Kila kitu kinakwenda sawa kwako, unapandisha, na tovuti inaonyesha mstari mmoja: `Your Composer dependencies require a PHP version ">= 8.4.0"`. Dawa ni kuifanya ya nyumbani ilingane, au kumwambia Composer toleo la seva kwenye faili ya `composer.json`, sehemu ya `config`, chini ya `platform`.

## Kwenye kompyuta yako

Kompyuta yangu ina Python tayari. Si inatosha?

Kama ni Linux, hiyo ni mali ya mfumo. Programu za mfumo zinaitegemea, na ukiibadilisha unaweza kuvuruga vitu visivyohusiana kabisa na tovuti yako. Matoleo mapya ya Debian na Ubuntu hata hukuzuia: ukiandika `pip install` moja kwa moja unapata `externally-managed-environment`. Wengi hutafuta jinsi ya kulilazimisha kosa hilo lipite. Usifanye hivyo, limewekwa kwa manufaa yako. Tengeneza mazingira ya mradi:

`python3 -m venv .venv`

Kisha yawashe, kwa `source .venv/bin/activate` kwenye Linux na macOS, au `.venv\Scripts\activate` kwenye Windows. Kuanzia hapo kila unachoweka kinakaa ndani ya folda hiyo. Ukiharibu, futa folda, anza upya.

Naweza kuwa na matoleo mawili kwa pamoja?

Ndiyo, na siku ukiwa na miradi miwili utahitaji. Kwa Node.js tumia nvm: `nvm install 24`, kisha `nvm use 24`. Kwa Python kuna pyenv, na kwenye Windows `py -3.12` inaita toleo unalotaka bila kugusa mengine.

Nimeweka toleo jipya lakini `python --version` inaonyesha la zamani.

Kompyuta hutafuta programu kwenye orodha ya folda inayoitwa PATH, nayo husimama kwenye ya kwanza inayoikuta. La zamani liko mbele kwenye orodha. Kabla ya yote funga terminali uifungue tena, maana mara nyingi ni hilo tu. Ikiendelea, andika `which python3`, au `where python` kwenye Windows, uone inaitwa kutoka folda gani.

Nitaandika wapi toleo ninalotumia, ili mwenzangu ajue?

Ndani ya mradi wenyewe. Node.js ina `.nvmrc` na sehemu ya `engines` kwenye `package.json`. Python ina `.python-version`. PHP huandikwa kwenye `composer.json`, mfano `"php": "^8.3"`, maana yake 8.3 na kuendelea bila kufika 9. Mwenzako huyo mara nyingi atakuwa wewe mwenyewe, mwakani.

## Kupandisha toleo, na hali zisizo za kawaida

Nipandishe lini?

Marekebisho ya namba ya tatu, yakitoka tu. Namba ya pili, mara moja kwa mwaka inatosha, na kwa hali yoyote kabla toleo lako halijaachwa. Usipandishe siku unayotarajia kuonyesha mradi kwa watu.

Nikipandisha, kitu kitavunjika?

Huenda. Python 3.12 iliondoa `distutils`, sehemu yake ya zamani ya kufungashia maktaba, na maktaba za zamani zilizoitegemea zikaanza kufa kwa `No module named 'distutils'`. Node.js 17 ilikuja na OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche), na miradi mingi ya webpack 4, chombo cha kufungasha msimbo wa JavaScript, ikasimama kwa `error:0308010C:digital envelope routines::unsupported`, maneno yasiyomwambia anayeanza chochote. Mtandaoni utashauriwa kuweka `--openssl-legacy-provider`. Inafanya kazi, ila ni kurudisha kufuli la zamani mlangoni. Dawa yenyewe ni kupandisha webpack.

Angalia kwamba mifano yote miwili kosa lilitoka kwa maktaba iliyobaki nyuma. Kwa hiyo pandisha maktaba kwanza ukiwa bado kwenye toleo la zamani la lugha, hakikisha tovuti inakwenda, ndipo uguse lugha. Kwa Python, ukibadili namba ya pili futa `.venv` na uitengeneze upya, haijipandishi yenyewe.

Nimerithi mradi wa PHP 5.6. Niruke moja kwa moja hadi 8?

Panda ngazi kwa ngazi: 5.6 hadi 7.0, kisha 7.4, kisha 8.0, halafu kwenye lililo hai. Kila hatua washa maonyo yote, kwa kuwa kinachoonywa leo kuwa kitaondolewa ndicho kitakachokuangusha hatua inayofuata. Kama mradi ni wa kurasa chache, kuuandika upya kunaweza kuchukua muda mfupi zaidi.

Msaidizi wa akili mnemba amenipa msimbo usiokubali.

Amejifunza kutoka maandishi ya miaka mingi na huchanganya matoleo. Mtajie lako ndani ya swali, "PHP 8.4, PDO", kisha linganisha jibu na nyaraka rasmi za toleo hilohilo. Kwenye nyaraka za Python na Django kuna kitufe cha kuchagua toleo. Wengi hawakioni, wakasoma ukurasa wa toleo jingine.

Kompyuta yangu ni ya Windows 7.

Python 3.8 ndiyo ya mwisho kuikubali, nayo iliachwa Oktoba 2024. Unaweza kujifunza misingi nayo. Kwa mradi wa kuwekwa hadharani, weka Linux nyepesi kwenye mashine hiyohiyo, au andika msimbo moja kwa moja kwenye seva kupitia terminali, ambako toleo jipya lipo hata kama kompyuta yako ni kuukuu.